Mwanafunzi wa kabambe naye apige kura

Yeyote aliyewahi kufundisha kozi ya pamoja ya mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya anaijua hali hii. Ukumbi umejaa, waliokosa viti wamesimama mlangoni, maikrofoni inakwaruza. Mhadhiri akimaliza kueleza jambo gumu huuliza, "Tuko pamoja?" Sauti tatu nne za safu ya mbele huitikia. Waliobaki, mia tatu au mia nne, wananyamaza, na kimya chao huchukuliwa kuwa ni kuelewa. Hadi mtihani wa majaribio, CAT, usahihishwe ndipo mhadhiri anapotambua kwamba wengi walimpotea tangu wiki ya pili.

Teknolojia ya kukusanya majibu ya darasa zima ilibuniwa ili kuvunja kimya hicho. Swali linaulizwa likiwa na majibu manne ya kuchagua, kila mwanafunzi anatoa jibu lake, na kwa dakika moja mwalimu anaona darasa limegawanyika vipi. Vyuo vya Eldoret na viunga vyake, kuanzia Kapseret hadi Kesses na Chepkoilel, vina madarasa makubwa yanayoihitaji sana. Ila uchaguzi wa mfumo una mtego, na mtego wenyewe hauonekani kwenye makabrasha ya wauzaji. Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza kiwe yule mwanafunzi mwenye simu duni kuliko wote darasani, ile ya vitufe tuiitayo kabambe, siku ambayo hana bando wala kredo. Mfumo usioweza kumhesabu yeye haufai kununuliwa.

Simtaji kwa huruma tu. Wanafunzi wasio na bando hawakutawanyika darasani kwa bahati nasibu. Mara nyingi ndio walewale wanaopanga chumba kimoja watu watatu kule mtaani Langas, wanaokuja kwa miguu, wanaosoma kwa nakala za kuazima. Ikiwa jibu la kila mtu linategemea intaneti ya mfukoni mwake, basi mchoro unaotokea kwenye projekta ni mchoro wa uelewa wa wenye uwezo. Mhadhiri ataona asilimia 80 wamepata, atafurahi, ataendelea na mada inayofuata. Amepewa takwimu nzuri kuhusu watu wasiohitaji msaada wake sana, na kimya alichotaka kukivunja kimebaki palepale.

Mbinu yenyewe haikuanza na mashine. Mwaka 1991 Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kukatiza mihadhara yake kwa maswali ya dhana. Wanafunzi walijibu kila mtu peke yake, wakageukiana na kujadiliana, kisha wakajibu tena. Hapo mwanzo majibu yalitolewa kwa kuinua mikono na kadi. Vifaa vya elektroniki vilifuata baadaye. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kushika. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, mwalimu arudi kueleza, maana wakijadiliana watapotoshana. Wakizidi 70, asonge mbele. Katikati ya hapo ndipo majadiliano yanapozaa matunda.

Wala Eldoret haikuwa ikisubiri kufundishwa kwamba mwanafunzi hujifunza akibishana. Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Moi ilipopokea kundi lake la kwanza mwaka 1990, ilianza na mafunzo ya kutatua tatizo katika vikundi vidogo: mgonjwa wa kwenye karatasi anawekwa mezani, wanafunzi wanahojiana, mkufunzi anasikiliza zaidi ya anavyosema. Tatizo ni kwamba meza ya watu wanane au kumi haiwezi kutandazwa kwa watu mia nne. Kura ya darasani ni njia ya kuupeleka ubishi huo kwenye ukumbi mkubwa.

Chukua swali ambalo mwalimu wa fizikia anayefundisha upande huu wa mji hana haja ya kulitafuta mbali. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uko hapa Kapseret, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa karibu kilomita 3.5. Ndege mbili za mizigo, za aina moja na uzito mmoja, zinaondoka adhuhuri, moja Eldoret kwenye nyuzi 23 za joto, nyingine Mombasa kwenye nyuzi 31. Hakuna upepo. Ipi itakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka? A: ya Mombasa, kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi. B: ya Mombasa, kwa sababu karibu na bahari mvutano wa dunia una nguvu zaidi. C: ya Eldoret, kwa sababu hewa ya huku juu ni nyepesi zaidi hata kukiwa na baridi. D: ni sawa, kwa sababu uzito ni mmoja.

Uzuri wa swali hili ni kwamba jibu A lina ukweli ndani yake. Aliyekariri kwamba joto hufanya hewa kuwa nyepesi atalichagua kwa kujiamini. Wape dakika mbili wageukiane na utasikia. "Si hewa baridi ndiyo nzito?" "Nzito kweli, lakini huku juu hewa yenyewe ni kidogo. Unadhani wakimbiaji wanafuata nini Iten?" Hapo kwa Iten mtu anaanza kuhesabu. Tofauti ya nyuzi nane inapunguza uzito wa hewa kwa asilimia zisizofika tatu, ilhali kupanda mita 2,100 kunapunguza shinikizo lake kwa zaidi ya asilimia 20. Ndege ya Eldoret ndiyo inayohitaji umbali. Kura ya pili ikipigwa, mwalimu anajua kama hoja ya Iten imepita ukumbini au imeishia benchi moja.

Kilichofanya kazi hapo ni swali lililoandikwa kwa kujua mahali wanafunzi wanapojikwaa, pamoja na zile dakika mbili za mabishano. Kifaa kilihesabu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Science, uliofanywa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, ulionyesha kwamba majadiliano ya aina hii huongeza uelewa hata katika vikundi ambavyo mwanzoni hakuna hata mmoja aliyejua jibu. Mwaka uliotangulia, mtafiti Nathaniel Lasry alikuwa amelinganisha huko Quebec, Kanada, madarasa mawili yaliyofundishwa kwa mbinu hiyohiyo, moja likijibu kwa vifaa vya elektroniki, jingine kwa kadi za karatasi. Katika kujifunza hakukuwa na tofauti ya maana. Kila kamati ya TEHAMA ya chuo ingepaswa kuusoma utafiti huo kabla ya kuitisha zabuni.

Basi tuviangalie vinavyouzwa. Vibonyezo vya mkononi, vile vidogo kama rimoti vyenye herufi chache, vina sifa moja kubwa: vinatumia mawimbi yake vyenyewe, kwa hiyo havihitaji intaneti wala simu, na kipokezi kimoja kinaweza kuhudumia mamia. Kwa sifa hiyo vinapita mtihani wa mwanafunzi wa kabambe. Hesabu ndiyo inayovikwamisha. Kimoja huuzwa kwa kati ya dola 30 na 60. Kwa dola 40, ukumbi wa watu 400 unahitaji dola 16,000, na kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili kwa ukumbi mmoja, kabla ya betri, ushuru na vitakavyopotea. Marekani mwanafunzi hujinunulia chake pamoja na vitabu. Hapa chuo kingelazimika kuvinunua na kuvigawa. Ukigawa vifaa 400 mlangoni kwa sekunde tano kila kimoja, zimeshapita zaidi ya dakika 30, na bado hujavikusanya. Kwa darasa la watu 50 lenye chumba chake na fundi wake, ningevikubali. Kwa kozi ya pamoja, hapana.

Programu za mtandaoni ndizo zinazopendwa siku hizi, na nina sababu za kuziogopa. Mentimeter ya Stockholm, Kahoot ya Norwei na Slido, iliyoanzia Bratislava kisha ikanunuliwa na Cisco mwaka 2021, zote zimetengenezwa vizuri, na katika semina ya watu 30 wenye simu za kisasa hakuna ubaya kuzitumia. Ukumbi ukikua, mambo hubadilika. Toleo la bure la Mentimeter lina kikomo cha washiriki 50 kwa mwezi. Leseni ya chuo kizima hulipwa kwa fedha za kigeni, na mhasibu yeyote anakumbuka kwamba Januari 2024 dola moja iligonga shilingi 160, kisha kabla mwaka kuisha ikarudi 129. Chuo Kikuu cha Moi kilipitia dhiki ya fedha iliyoleta mgomo wa wafanyakazi mwaka huohuo wa 2024 na masomo yakasimama. Katika hali ya namna hiyo, malipo ya kila mwaka kwa kampuni ya ng'ambo ndiyo ya kwanza kukatwa, na yakikatwa maswali yote ambayo wahadhiri waliyaandika yanabaki ndani ya akaunti iliyofungwa.

Kuna pia suala la mtandao wa chuoni, ambalo hueleweka vibaya. Wakuu wa vyuo hudhani kwamba wakiongeza kasi ya intaneti inayoingia kampasini kupitia KENET, mtandao wa pamoja wa vyuo, kura zitapita. Kura moja ni data kidogo sana; kasi haikuwa tatizo. Kinachokwama ni kifaa cha Wi-Fi kilichoning'inizwa ukutani. Simu zote zinazokitegemea hupokezana nafasi ya kusema, na kifaa cha kawaida huanza kuzidiwa simu zikifika makumi kadhaa. Mia tatu zikijaribu kuingia kwa pamoja, nyingi huishia kuzungusha kile kiduara na kukata tamaa. Ukumbi mkubwa unahitaji vifaa kadhaa vilivyopangwa na mtu anayejua kugawa masafa, kila kimoja kikihudumia sehemu yake ya viti. Muuzaji akionyesha mfumo wake ofisini kwa simu tano, hajaonyesha chochote. Mwambie auonyeshe ukumbini, Jumatatu asubuhi, watu wakiwa wamejaa.

Kuhusu kumtegemea mtoa huduma wa mbali, ukanda huu una somo lake. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet yenye Google, ilianza kurusha maputo ya intaneti juu ya Kenya kwa ushirikiano na Telkom Kenya, na Eldoret na Iten zilikuwa katika eneo lililohudumiwa. Magazeti ya dunia yalisifu. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufungwa, na ndani ya miezi michache maputo yakawa historia. Sisemi watu wale walikuwa na nia mbaya. Walipiga hesabu zao, hazikuwalipa, wakaondoka. Chuo kinachosaini mkataba kijiulize siku kampuni itakapoondoka kitabaki na nini mkononi, na jibu liandikwe ndani ya mkataba: maswali na majibu yote yatolewe katika faili la kawaida ambalo mfumo mwingine unaweza kulisoma.

Njia ninayoiona inatufaa zaidi kwa kumbi kubwa ni ile ambayo Wakenya wameitumia mwaka baada ya mwaka bila kufundishwa na mtu: USSD, ile namba inayoanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Inafanya kazi kwenye kabambe, haihitaji bando, na hakuna mwanafunzi asiyejua kuitumia, kwa kuwa ndivyo anavyoangalia salio lake. Kampuni za kati kama Africa's Talking ya Nairobi hukodisha namba za pamoja, kwa hiyo chuo hakilazimiki kuanza na namba yake pekee. Ina mipaka yake, na ni lazima isemwe. Skrini moja hubeba herufi 182 tu, kwa hiyo swali liandikwe ubaoni na simu ibebe herufi ya jibu peke yake. Watu 400 chini ya mnara mmoja wakipiga sekunde ileile, baadhi watagonga ukuta, hivyo kura iachwe wazi dakika tatu na safu za nyuma ziambiwe zianze kwanza. Tena gharama ya kikao ilipwe na chuo kwa mkataba na kampuni za simu. Ikikatwa kwenye kredo ya mwanafunzi, hata iwe shilingi moja, tumemfungia nje yuleyule tuliyemkusudia.

Pale penye Wi-Fi iliyopangwa vizuri, ningeongeza seva ndogo ndani ya ukumbi wenyewe, yenye ukurasa mwepesi wa kupigia kura usiohitaji kutoka nje ya jengo. Mwenye simu ya kisasa anaingia kwa Wi-Fi ya bure, mwenye kabambe anapiga USSD, na hesabu zote mbili zinakutana kwenye jedwali moja. Kazi hii haizidi uwezo wa watu wetu. Chuo Kikuu cha Moi ndicho kilichoungana na JP SA Couto ya Ureno katika mpango wa serikali wa kupeleka tableti katika shule za msingi; wahandisi wa kutengeneza ukurasa wa vitufe vinne hawakosekani. Kumbukumbu za muda mrefu zihifadhiwe kwenye Moodle, ambayo vyuo vyetu vingi tayari vinaitumia na haina ada ya leseni.

Na kabla ya hayo yote, kadi. Karatasi ya A4 inakunjwa sehemu nne, kila uso una herufi yake kubwa, A hadi D, na rangi yake kwa wanaoona rangi. Kuichapisha kwenye saiba ya Langas hakutamfilisi mtu. Mwanafunzi anaishika kifuani ili jirani asiige, mhadhiri anatupa jicho, na ndani ya sekunde chache amejua kama darasa limegawanyika. Hapati asilimia kamili, lakini kuamua kama arudie au asonge hakuhitaji asilimia kamili. Stima ikipotea kadi hazijali. Kwa vikundi vya mafunzo vya watu wasiozidi 40, kadi za Plickers zenye alama zinazosomwa na kamera ya simu moja ya mwalimu zinaongeza kumbukumbu ya majina. Mwanafunzi asiyeona atahitaji majibu yasomwe kwa sauti, kila mara, mfumo wowote utakaotumika. Hilo ni jukumu la mhadhiri.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Utawala ukishapata mfumo unaojua nani amejibu, kishawishi cha kwanza ni kuugeuza daftari la mahudhurio, maana vyuo vyetu humtaka mwanafunzi ahudhurie sehemu fulani ya vipindi ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Kishawishi cha pili ni kuyapa majibu alama. Vyote viwili vinaua kitu chenyewe. Karatasi ya sahihi inayozunguka darasani tayari hutiwa sahihi kwa niaba ya waliolala hosteli. Kura ikiwa mahudhurio, swali litapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na majibu yatatoka vitandani. Alama nazo huharibu mazungumzo. Mtafiti Mark James alionyesha mwaka 2006, baada ya kurekodi mazungumzo ya wanafunzi, kwamba jibu sahihi likipewa uzito mkubwa wa alama, mwenye kujua zaidi hutawala na mwenzake humfuata bila kubisha. Kura hizo hazimwonyeshi tena mwalimu anachofikiri kila mmoja. Mwanafunzi awe huru kukosea mbele ya mwalimu wake bila kulipia. Bila uhuru huo hatasema anachofikiri.

Ndiyo maana napendelea kura isiyo na majina katika kumbi kubwa, na sheria nayo inaelekea huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu akusanye zile tu zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Namba za simu za wanafunzi elfu kadhaa na rekodi ya kila walipokosea ni mzigo ambao chuo hakina sababu ya kuubeba kama hesabu ya herufi nne inatosha.

Bajeti ikipatikana, ningeigawa kinyume na desturi. Fungu la kwanza liende kwa wahadhiri, wapunguziwe vipindi muhula mmoja ili waandike maswali, wayajaribu na kuyasahihisha pamoja kama idara. Swali kama lile la ndege haliandikwi usiku wa kuamkia kipindi. Linahitaji mtu aliyesahihisha makaratasi mengi na kuona kosa lilelile likirudi mwaka hadi mwaka. Fungu la pili liende kwenye kadi na ubao unaosomeka kutoka safu ya mwisho. Mfumo wa elektroniki uje wa tatu, na usinunuliwe kabla ya majaribio ya wiki tano katika kozi tatu za ukubwa tofauti, mojawapo ikiwa ile kubwa kuliko zote chuoni. Kwa kila swali yaandikwe mambo manne: waliokuwa ukumbini, waliojibu, dakika zilizotumika, na kile ambacho mhadhiri alikibadilisha baada ya kuona majibu. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wakiwa ukumbini bila kuweza kujibu, muuzaji arudishiwe mfumo wake na zabuni isisainiwe. Na waliomo ukumbini wahesabiwe na wawakilishi wa darasa kwa macho, safu kwa safu, si na mfumo wenyewe.